Mwenye Makosa Machache

Wahenga wana lao la kutishia watoto: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu mimi alisikia. Alisikia neno kwa neno, na guu likavunjika vilevile. Kwa hiyo mtu asije saluni kwangu akanipigia methali, nimeshiba.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Mtaani wanamwita Robo, na yeye mwenyewe analijua hilo jina, ingawa mbele yake kila mtu ni Mwalimu, Mwalimu. Lilitoka kwenye mitihani ya zamani, ile ya kuchagua jibu moja kati ya matano. Enzi hizo ukipata unaongezewa alama moja, ukikosa unakatwa robo, ukiacha wazi hupewi wala hunyang'anywi. Alisahihisha mitihani hiyo mpaka robo ikamwingia damuni. Aliwahi kuwa na mwanafunzi mmoja, mtoto hodari kweli, muda ukamwishia, akajaza ukurasa wa mwisho mbiombio bila kusoma. Zile robo zikamla hadi akaanguka chini ya mstari. Mpaka leo mume wangu akiisimulia habari hiyo anashusha sauti, unaweza kudhani anaeleza msiba wa nyumbani. Sikatai. Kwa enzi zake alichokuwa akifundisha kilikuwa sahihi. Shida ni kwamba kazi alistaafu, usahihi hakustaafu.

Binti yetu tunamwita Futi. Jina alipewa na mjomba wake, maana tangu anajifunza kutembea alikuwa akiburuta futi ya kushonea nyumba nzima, anapima meza, anapima mlango, anamkimbiza paka ampime mkia. Alipokua akataka kusomea upimaji ardhi. Si udaktari, si sheria. Alitaka kusimama juani na kile chombo chenye miguu mitatu, amwambie mtu: yako inaishia hapa. Chuo cha kazi hiyo ni kimoja tu, na kinaingiwa kwa mtihani mmoja, unaofanywa mara moja ukimaliza shule. Hakuna kurudia. Alama ya kuingilia ni mia tano na sitini. Ukipata mia tano hamsini na tisa, nenda kapime viazi sokoni.

Basi mwaka ule mzima meza yetu ya chakula ikageuka chumba cha mtihani. Saluni yangu ni chumba cha mbele, na kati yangu na meza ile ni pazia tu. Mikono yangu ilikuwa kwenye vichwa vya watu, masikio yangu yako mezani.

"Namba saba?"

"Nadhani ni B, baba."

"Unadhani?"

"Ni B."

"Una hakika?"

Nikasikia penseli ikiwekwa mezani.

"Acha wazi. Twende namba nane."

Wateja walikuwa wakicheka chini chini. Mmoja, mwenye duka la dawa, aliniambia, "Mwenzangu, huyu mumeo angekuwa anafungisha ndoa, mtaa huu asingeolewa mtu." Nilicheka na mimi. Wakati huo kilikuwa bado kichekesho.

Ila baadaye, nikifuta meza, nilikuwa naona karatasi za majibu zimekaa pale. Namba saba ilikuwa B. Mara nyingi lile jibu la kwanza lililomtoka mtoto mdomoni ndilo lililokuwa jibu. Lakini akishabanwa kidogo anarudi nyuma. Muulize mtu mara tatu kama hilo jina analojiita ni lake kweli, ya nne atakuomba akaangalie cheti cha kuzaliwa. Nilimwambia mume wangu: unamtia mtoto woga. Akanijibu kwa upole wake ule unaokera, "Mama Futi, simtii woga. Namfundisha kusema sijui. Kukisia ni wizi, na alama ya wizi hailiki."

Ndipo siku moja Futi akaja kutoka shule na habari. Mwalimu wao wa taaluma, yule anayesimamia masomo na mitihani, kawaambia darasa zima wajaze maswali yote, hata wasiyoyajua, kwa sababu siku hizi hakuna kukatwa.

Robo aliweka kijiko chini. Akacheka.

"Huyo nilimfundisha mimi," alisema. "Alikuwa anapiga ramli tangu darasa la tatu."

"Lakini baba, anasema imebadilika."

"Kila mwaka wanasema imebadilika. Wanaobadilika ni walimu."

Mimi nikaingilia. Nikamwambia, wewe ofisi ya elimu unaijua mlango kwa mlango, si uende ukaulize? Kuuliza si ujinga. Nikadhani atakataa, maana mume wangu na kuuliza ni paka na maji. Hakukataa. Kesho yake alivaa suti yake ya sherehe, akachana nywele, tukaondoka wote wawili. Naye nampa haki yake: alikwenda. Watu wakimsema kwamba alikuwa mkaidi tu, huwa nawaambia alikwenda.

Ofisi yenyewe ni korido ndefu, benchi upande mmoja, na dirisha la kioo lenye tundu dogo chini, ukitaka kusema na karani lazima uiname. Mume wangu hakuinama. Alisimama wima mbele ya kioo mpaka karani alipoinua macho, na alipoinua, akaruka kwenye kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mwanamke wa makamo, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mwanafunzi wake wa zamani, kama nusu ya mji huu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alituvutia kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja chake mwenyewe. Akauliza habari za goti, akauliza habari za kustaafu. Aliongea na mume wangu kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, mtu mwenye wajukuu. Mume wangu akawa ameshavimba kifua. Kisha akauliza, na naomba msikilize alivyouliza.

"Nimekuja kwa jambo dogo tu. Kuna watu wanawapotosha watoto eti siku hizi hatukati robo. Si bado tunakata?"

Tunakata. Amestaafu siku nyingi, lakini bado tunakata.

Karani hakuacha kutabasamu. Macho ndiyo yaliyohama, yakaenda kwenye rundo la makaratasi nyuma ya kioo, yakaja kwangu, yakarudi kwa mwalimu wake.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni kama unavyosema."

"Hata huu mtihani wa mwaka huu?" niliuliza mimi.

Mume wangu akanigeukia. "Si ameshasema?"

"Mwalimu anajua kuliko sisi, mama," karani akasema, na akaanza kusafisha miwani.

Jibu gani hilo sasa? Nilitaka kuuliza tena, lakini Robo alikuwa ameshasimama, anaaga, anamwombea baraka karani na watoto wake. Njiani alinunua machungwa. Alipofika nyumbani alimwambia Futi, "Nimetoka kwenye chanzo chenyewe," na mtoto akasema, "Sawa, baba." Mzigo ulimshuka usoni. Alikuwa hapendi kuwekwa kati ya baba yake na shule, na sasa amewekwa upande mmoja.

Siku ya mtihani alirudi amechoka, kidole kina alama ya penseli. Baba yake alikuwa mlangoni.

"Umeacha mangapi?"

"Ishirini na matatu."

"Kati ya mia?"

"Kati ya mia."

"Na hayo mengine?"

"Nina hakika nayo."

Mume wangu alimkumbatia. Si mtu wa kukumbatia, lakini siku ile alimkumbatia, akamwambia amefanya mtihani kama mtu mzima. Futi akacheka kwa furaha. Nami nikafurahi, mnataka niseme uongo?

Matokeo yalikuja kwenye simu. Mia tano hamsini na moja.

Kwanza hatukuelewa. Kaka yangu, dereva wa lori, ndiye alikuwa wa kwanza kupiga simu. "Kati ya ngapi?" akauliza. Futi akamwambia haina kati ya ngapi, mjomba. Akakasirika: kila kitu kina kati ya ngapi. Akasikia mahali kwamba mwisho ni mia nane, akagawanya huko huko barabarani, akasema basi mtoto kapata karibu asilimia sabini, si haba, mchinjieni kuku. Nilimkatia simu. Mimi nilikuwa naona kitu kimoja tu, tisa. Zimepungua tisa.

Wiki ile shule iliita wazazi waje waelezwe maana ya alama. Robo alikataa kwenda. Alisema yeye hawezi kuelezwa alama na kijana aliyejifunza kuandika kwake. Nikaenda mimi na Futi.

Mwalimu wa taaluma ni kijana mwembamba, mashati yake yana chaki mfukoni. Alichora mlima ubaoni. Akasema hivi: idadi ya maswali uliyopata ni alama ghafi, hiyo huwa haitumwi kwa mtu. Wanachukua alama ghafi za watoto wote walioufanya mtihani, wanaangalia walio wengi wamekaa wapi, pale katikati ndipo panapoitwa mia tano. Ukiwa mbele ya wengi, unapanda juu ya mia tano. Ukiwa nyuma yao, unashuka. "Mtihani huu haukupimi peke yako," alisema. "Unakupima umesimama na wenzako. Wenzako wakisogea mbele na wewe umebaki palepale, umerudi nyuma."

Tulikaa mpaka wazazi wengine walipoondoka. Akamfungulia Futi matokeo yake kwenye kompyuta.

"Amejibu sabini na saba. Amepata sabini na nne. Makosa matatu." Akaniangalia. "Mama, shule nzima hii, hakuna mwenye makosa machache kuliko huyu."

Nilisikia raha. Naomba mjue hilo, kwa muda wa kumeza mate nilisikia raha ya ajabu. Kisha nikauliza, "Na haya ishirini na matatu?"

"Haya ni sifuri. Aliyaacha."

"Lakini hakukatwa robo."

"Robo ya nini?"

Nikamtazama Futi. Futi alikuwa anatazama ule mlima ubaoni.

"Hakuna kukatwa, mama. Ilishafutwa. Nimewaambia mara ngapi darasani? Na imeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa wa mtihani, kwa wino mzito." Aliongea taratibu, nadhani alianza kuona anachokisema kinaangukia wapi. "Alihitaji kama matatu zaidi. Angefumba macho akajaza yote ishirini na matatu herufi moja, manne yangekubali. Na huyu si wa kufumba macho. Wenzake wamejaza yote, ndiyo maana mlima umesogea."

Darasani kwao kuna kijana wanamwita Karata. Huyo aliandika A, B, C, D na E kwenye pande za kifutio chake, kila asipojua anakirusha juu ya dawati kama dado, kikilala upande gani anajaza huo. Msimamizi alidhani ana kifafa cha mkono. Karata kapata mia tano sitini na tatu. Karata anakwenda kusomea upimaji ardhi, naye siku moja atakuja kutuonyesha mipaka yetu inapoishia. Mungu atunusuru na majirani zetu.

Tulitoka pale, tukatembea. Sikumbuki tulipita wapi. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyoingia nyumbani, nitakavyolivuta lile pazia, nitakavyoanza. Nilikuwa na maneno ya miaka yote ya ndoa, yamepangana. Futi akanishika mkono wa nguo.

"Usimwambie."

"Nisimwambie nini? Nitamwambia mpaka aombe poo."

"Mama, alikwenda mpaka ofisini kwa ajili yangu. Alivaa suti." Akaanza kulia, pale barabarani, watu wanapita. "Akijua, hatanitazama tena. Nimeshakosa chuo. Usinikoseshe na baba."

Ningesema nini? Nikamwahidi nitanyamaza. Na mtu anayenijua anajua kunyamaza kwangu kunagharimu nini.

Kumbe nilikuwa na mengine ya kunyamazia. Kwa sababu mume wangu alizichukua zile mia tano hamsini na moja akazifanya nishani. Alizitembeza. Kwa kinyozi, kwa muuza magazeti, kwenye mazishi. "Mia tano hamsini na moja za haki," alikuwa akisema, "hamna hata moja ya kubahatisha. Wengine wamepita kwa ramli, wangu kakosa kwa heshima." Watu walikuwa wanatikisa kichwa, wanamsifu. Nilikuwa namwekea chai mbele yake. Nilikuwa namchukia. Halafu namwona anatembeza lile goti lake kuelekea dukani kumnunulia Futi biskuti, kumfariji, nashindwa hata kumchukia vizuri.

Futi akaanza kunisaidia saluni. Ana mkono mzuri kupita wangu, mistari yake imenyooka. Haongei na wateja. Mtu akimuuliza, "Huu mtindo utanikaa?" anasema hajui. Nilimwambia biashara haiendi hivyo, sema utakukaa. Akaniambia, "Sina hakika, mama."

Siku nyingine karani akaja kusukwa. Nilimjua alipovua kitambaa. Nilimkalisha, nikamgawa nywele, nikaanza kusuka bila neno, na nakiri nilivuta kuliko inavyopasa. Ni yeye aliyeanza.

"Mama, yule binti wa Mwalimu alipita?"

"Hakupita. Aliogopa ile robo uliyosema bado inakatwa."

Shingo yake ilikaza mikononi mwangu. Futi hakuwepo, nilikuwa nimemtuma dukani, namshukuru Mungu kwa hilo.

"Ningemwambiaje?" alisema mwisho. "Ameniuliza kwa kuniambia. Yule alinifundisha kusoma. Nimwambie umekosea, mbele ya mkewe?"

"Ndiyo."

"Wewe ungemwambia?"

"Mimi nalala naye, namwambia kila siku. Wewe ndiye aliyekuja kukusikiliza."

Alilia kidogo, kimya kimya, kichwa nimekishika. Nikammalizia nywele. Heshima si utumwa, wanasema. Kwa hapa kwetu sijaona tofauti yake.

Ningeweza kuishi hivyo, nadhani. Watu wanaishi na makubwa zaidi ya hayo. Lakini sifa zilizaa sifa. Wazazi wa mtaani wakaanza kumwomba Mwalimu awaandae watoto wao kwa mtihani wa mwaka unaofuata, na Robo, ambaye tangu astaafu alikuwa anazunguka ndani kama nzi kwenye chupa, alifufuka. Akatoa meza uani, akatoa ubao wake wa zamani, kila alasiri watoto kumi na kitu wamekaa kwenye mabenchi na penseli zao. Dirisha la pembeni la saluni linatazama uani. Sasa nikawa nasikia yale yale, kwa wingi.

Futi alikuwa anafanya kazi ameligeuzia dirisha mgongo. Siku mbili za kwanza nilimwona anasuka haraka haraka, mdomo ameubana. Sikusema kitu. Nilikuwa nimeahidi.

Siku ya tatu alikuwepo msichana mdogo mwenye miwani, mtoto wa fundi wa redio, sauti yake ndogo lakini inasikika.

"Nadhani ni D, Mwalimu."

"Unadhani?"

"Ni D."

"Una hakika?"

Msichana akainua penseli kutoka kwenye karatasi.

"Basi acha wa—"

Futi aliweka kitana chini. Mteja alikuwa amesukwa nusu kichwa. Akatoka kwa mlango wa nyuma, nami nikamfuata na uzi mkononi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi la yule mtoto.

"Jaza D," alimwambia.

"Futi," baba yake akasema, anatabasamu bado, "usiniharibie darasa."

"Jazeni yote. Mnayoyajua na msiyoyajua. Hakuna anayekata kitu."

"Nani kakwambia hayo? Yule mwalimu wenu tena?"

"Imeandikwa kwenye mtihani, baba. Ukurasa wa kwanza."

"Mtihani upi?"

"Wetu."

Tabasamu lilikuwa linaondoka kidogo kidogo. "Wewe uliiona?"

"Niliisoma mara mbili."

"Ukaisoma, ukaelewa, halafu ukaacha maswali ishirini na matatu wazi." Sauti yake ilikuwa ya mwalimu anayemwongoza mtoto aone kosa lake mwenyewe. Ndiyo sauti pekee aliyonayo. "Kwa nini sasa?"

Futi alimtazama. Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo.

"Karatasi ilisema hivi, wewe ulisema vile," alijibu. "Nikakusikiliza wewe."

Hakuna mtoto aliyetikisika. Mume wangu alishika ukingo wa meza. Alinitazama mimi, na kwa uso wangu akajua kwamba nilikuwa najua, na kwamba nimejua siku nyingi. Kisha akauliza lile ambalo laiti asingeliuliza.

"Na hayo uliyoyaacha. Yalikuwa yamekushinda?"

"Hapana," Futi alisema. "Mengi nilikuwa nayajua."

Akageuka, akanipita, akarudi ndani kwa mteja wake. Robo alibaki amesimama mbele ya watoto wa watu. Nilitakiwa niende kwake, mke ndiyo kazi yake hiyo. Nilitaka kwenda na nilitaka aendelee kusimama pale peke yake mpaka jua lizame. Yule msichana mwenye miwani akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, nijaze?"

Mume wangu aliuachia ukingo wa meza.

"Jaza," alisema.

Aliendelea kuwafundisha. Mnaweza kudhani aliacha, hakuacha. Kila alasiri alikaa pale, amekonda, anawaambia jazeni, jazeni yote, msiache kitu. Hakumwomba Futi msamaha kwa mdomo, hakujua unaanzia wapi. Futi naye alimwamkia kila asubuhi kama kawaida, akamtengea chakula kama kawaida, na hakumuuliza tena jambo lolote. Hata saa ni ngapi, alikuwa akija kuniuliza mimi.

Matokeo ya mwaka uliofuata yalipotoka, yule msichana wa fundi wa redio alipata mia tano tisini na mbili. Mama yake alimleta saluni asukwe kabla ya kwenda chuo, na akaomba asukwe na Futi, kwa sababu mtaa mzima unajua mistari ya nani imenyooka. Chuo chenyewe ni kile kile. Kwa Mwalimu walikuwa wameshapita na shukrani zao, wamemkuta uani.

Msichana alikaa kwenye kiti changu kikubwa, miguu haigusi chini vizuri. Alikuwa na furaha, anaongea bila kupumzika, anaeleza kuhusu kile chombo chenye miguu mitatu, jinsi unavyokiweka sawa kwanza ndipo utazame. Futi alikuwa anamgawa nywele kwa ncha ya kitana, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, polepole.

"Dada, na wewe uliufanya ule mtihani?"

"Niliufanya."

"Ulipata ngapi?"

Futi akamtajia.

Mtoto akageuza kichwa amtazame. Alikuwa ameshafundishwa kuzisoma zile namba, alijua zinakaa wapi mlimani. "Pole, dada," alisema. "Ilibaki kidogo tu."

"Inamisha kichwa," Futi alimwambia, akaanza mstari wa pili.